Mamlaka ya taifa hupotelea wapi ndani ya Umoja wa Ulaya, na yanatuhusu vipi sisi wa Afrika Mashariki?

BintiMakadara

Assalam aleikum wanabaraza. Kikundi chetu cha mjadala hapa Mombasa kimepanga hoja ya mwisho wa mwezi: "Jumuiya ya Afrika Mashariki ifuate njia ya Umoja wa Ulaya." Mimi niko upande wa kupinga. Makala ninayoyapata yote yanasema kijumlajumla kwamba nchi za Ulaya zilipoteza mamlaka na wananchi wakachoshwa na Brussels, yaani makao makuu ya Umoja. Nataka undani. Mamlaka hutoka mkononi mwa nchi kwa njia gani? Ni saini ya mkataba, ni mahakama au ni kura? Na mbona hasira ilichelewa kiasi hicho, ilhali mkataba wa kwanza, ule wa makaa ya mawe na chuma, ulitiwa saini 1951? Mwenye kujua anipe tarehe na vifungu, maana wapinzani wangu ni watu wa kusoma.

Wakili_wa_Mvita

Waleikum salaam dada. Saini ndiyo sehemu ndogo. Kazi kubwa ilifanywa na mahakama pamoja na hesabu ya kura, na yote mawili yalipita kimya.

Tuanze na mahakama. Mkataba wa Roma wa 1957 hauna sentensi hata moja isemayo kwamba sheria ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, mzazi wa Umoja wa leo, iko juu ya sheria ya nchi. Mwaka 1963 kampuni ya uchukuzi ya Uholanzi, Van Gend en Loos, ilitozwa ushuru wa asilimia 8 badala ya 3 kwa kemikali iliyotoka Ujerumani Magharibi, nayo ikadai kwamba mkataba umekataza kupandisha ushuru baina ya wanachama. Serikali ya Uholanzi, ikiungwa mkono na Ubelgiji na Ujerumani, ilijibu kwamba mkataba ni wa serikali kwa serikali, mtu binafsi haumhusu. Mahakama ya Jumuiya hiyo, iliyoko Luxembourg, ikakataa: raia anaweza kuusimamia mkataba mbele ya hakimu wa kwao.

Mwaka uliofuata akaja Flaminio Costa, wakili wa Milano, aliyegoma kulipa bili ya umeme ya lire 1,925 kwa sababu alipinga serikali ya Italia kutaifisha umeme. Kwa sarafu ile, hizo ni pesa za kununulia vitu vidogo vya nyumbani. Utaifishaji haukuzuiwa, lakini kanuni iliyowekwa humo ndiyo nguzo ya Umoja mpaka leo: bunge la nchi likitunga sheria mpya inayopingana na mkataba, mkataba ndio unaofuatwa, hata kama sheria ya bunge imekuja baadaye.

Kilichoipa kanuni hiyo miguu ni utaratibu ambao sasa uko kifungu cha 267 cha Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya. Hakimu wa mahakama yoyote, hata ya chini kabisa, akikutana na swali la sheria ya Ulaya husimamisha kesi, huandika swali lake na kulituma Luxembourg. Jibu likirudi, linamfunga. Hapitii mahakama ya juu ya nchi yake wala haombi ruhusa ya waziri. Kwa hiyo serikali ikitaka kuipuuza Luxembourg hulazimika kuwapuuza mahakimu wake yenyewe, jambo ambalo serikali inayoheshimu sheria haiwezi kulifanya bila kujiumiza.

Sasa kura. Juni 1965 De Gaulle aliwaondoa mawaziri wa Ufaransa vikaoni kwa miezi 7, akipinga pamoja na mengine mpango wa kupitisha maamuzi kwa wingi wa kura. Januari 1966 wakafikia maafikiano ya Luxembourg: nchi ikisema jambo linagusa maslahi yake makubwa, mazungumzo yaendelee mpaka wote wakubali. Kwa karibu miaka 20 kila mwanachama alikuwa na turufu mfukoni. Hilo ni jibu la sehemu ya swali lako la kwa nini hasira ilichelewa. Mwananchi angekasirikia nini, ilhali waziri wake angeweza kusema hapana?

Turufu hiyo ilianza kuondoka na mkataba wa 1986 uliofungua soko la pamoja, ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 1987. Sheria nyingi za soko zikawa za kupigiwa kura. Waliotaka hivyo ni serikali zenyewe, akiwemo waziri mkuu wa Uingereza Margaret Thatcher, kwa sababu bila kura kila nchi ingezuia bidhaa za mwenzake kwa visingizio vya viwango. Septemba 1988, kule Bruges, huyo huyo Thatcher alilalamika kwamba hawakuipunguza nguvu dola ya Uingereza ili irudishwe upya kutoka Brussels. Hotuba hiyo ndiyo watu wengi huihesabu kama mwanzo wa upinzani wa Uingereza wa kisasa. Ishike vizuri, maana inaonyesha kwamba aliyeng'oa kufuli ndiye aliyelalamika mlango uko wazi.

Hesabu ya leo iko hivi. Jambo linapita likiungwa mkono na nchi 15 kati ya 27, zenye asilimia 65 ya watu wote. Kulizuia kwa hesabu ya watu kunahitaji nchi zisizopungua 4 zenye zaidi ya asilimia 35. Ujerumani na Ufaransa pamoja zina kama theluthi moja ya watu, na hata hivyo haziwezi kuzuia peke yao. Juni 2014 Uingereza ilipinga Jean-Claude Juncker kuongoza Tume ya Ulaya, chombo cha utendaji cha Umoja. Kura zikawa 26 kwa 2, na aliyekuwa naye upande huo ni Hungaria tu. Waziri mkuu wa nchi kubwa alirudi nyumbani akiwa ameshindwa hadharani.

Ila usiseme mbele ya wapinzani wako kwamba Brussels inaamua kila kitu. Watakumaliza. Kodi, sera za nje, kupokea mwanachama mpya na bajeti ya miaka 7 bado vinahitaji sauti ya wote. Na bajeti yenyewe ya Umoja ni kama asilimia 1 tu ya pato la wanachama, wakati serikali za nchi hizo hutumia karibu nusu. Shule, hospitali na pensheni haziko Brussels.

Shehena_Kilindini

Wakili ameeleza vizuri upande wa sheria. Mimi niongeze upande wa bandarini, maana hapa Mombasa ndipo mtu anaweza kuona tofauti kwa macho yake.

Chukua kontena linalokwenda Kampala. Tangu 2014 tuna Himaya Moja ya Forodha. Wakala anawasilisha tamko la forodha kwenye mfumo wa Uganda, ushuru unalipwa Uganda mzigo ukiwa bado Kilindini, Uganda inatuma idhini, Kenya inautoa mzigo, unafungwa lakiri ya kielektroniki na kufuatiliwa mpaka mpakani. Pesa ni za Uganda tangu mwanzo, na mzigo ukipotelea njiani ukauzwa Kenya, Kenya ndiyo inayopata hasara ya soko. Ndiyo maana ya lakiri na dhamana.

Kontena hilo hilo likishuka Rotterdam likiwa linakwenda Austria, mwenye mali anaweza kulipa ushuru wa forodha papo hapo, na kuanzia hapo ni bidhaa huru mahali popote ndani ya Umoja. Uholanzi inabaki na asilimia 25 kama gharama ya kukusanya. Asilimia 75 inaingia bajeti ya Umoja. Si pesa ya Uholanzi wala ya Austria. Kwa hiyo nchi ikilegeza ukaguzi inashtakiwa. Machi 2022 mahakama ya Luxembourg iliamua kwamba Uingereza, ilipokuwa bado mwanachama, ilikiuka wajibu wake kwa kuachia nguo na viatu kutoka China vipite kwa bei za chini za kubuni. Uingereza ilikuwa imeshatoka na bado ikadaiwa.

Tofauti ya pili ni kiwango chenyewe cha ushuru. Sisi tuna ushuru wa pamoja wa nje wa madaraja 4: 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, asilimia 35, ukiacha bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Lakini kila mwaka kabla ya bajeti mawaziri wa fedha hukutana na kila nchi huomba ruhusa ya kutofuata kiwango fulani kwa mwaka mmoja. Mchele ndio mfano ulio sokoni kila siku. Kiwango cha Jumuiya ni asilimia 75. Kenya hupewa ruhusa ya kutoza 35, ndiyo maana mchele wa Pakistan unauzika hapa kwa bei ile. Mchele huo ukivuka kwenda nchi nyingine mwanachama unatakiwa kulipiwa kiwango kamili. Maana yake, kwa mchele, mpaka wetu wa ushuru bado uko Namanga na Malaba.

Ulaya hakuna nchi inayoweza kuomba kitu kama hicho peke yake. Biashara ya nje ni mamlaka ya Umoja mtupu. Ndiyo maana Kenya ilipojadili mkataba wa ubia wa kiuchumi ilikaa na Tume ya Ulaya, haikwenda Berlin wala Paris. Na upande wetu ilikuwaje? Mazungumzo ya pamoja yalikamilika Oktoba 2014, Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa. Haikuwa ukaidi: nchi maskini zaidi zilikuwa na njia nyingine ya kuingiza bidhaa Ulaya bila ushuru, Kenya haikuwa nayo. Mwishowe Kenya ilitia saini peke yake Desemba 2023, na mkataba ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024.

BintiMakadara

Shukran sana Wakili, shukran Shehena. Mchele umenifungua macho. Lakini bado swali la hasira. Kama turufu iliondoka 1987, mbona Uingereza walipiga kura ya kutoka 2016 na si 1990? Na mbona Ujerumani, iliyonufaika kuliko wote, nayo ikazaa chama cha kupinga?

Mwalimu_wa_Tudor

Mwanangu, mambo matatu yalikuja moja baada ya jingine, na kila moja liliongeza watu wa aina yake kwenye kundi la wapinzani. Ukiyachanganya hutaelewa kwa nini vyama hivi havifanani.

La kwanza ni kuulizwa na kutosikilizwa. Mkataba wa Maastricht wa 1992 ulileta uraia wa Umoja na sarafu moja. Denmark walipiga kura tarehe 2 Juni 1992, wakakataa kwa asilimia 50.7, tofauti isiyofika kura 50,000. Desemba wakapewa misamaha minne, ya sarafu, ulinzi, mambo ya ndani na uraia, wakarudi kupiga kura Mei 1993 na wakakubali. Usiku wa matokeo kulizuka ghasia mtaa wa Nørrebro, Copenhagen, na polisi wakafyatua risasi. Ufaransa walikubali kwa asilimia 51 tu. Wajerumani hawakuulizwa kabisa. Mkataba ulipelekwa mahakama yao ya katiba, ambayo Oktoba 1993 iliukubali ila ikajiwekea haki ya kuukagua Umoja usivuke mipaka uliyopewa.

Mwaka 2005 ikaja rasimu ya katiba ya Ulaya. Ufaransa wakaikataa kwa karibu asilimia 55, Uholanzi kwa zaidi ya 61, ndani ya siku tatu. Sehemu kubwa ya yaliyomo ikarudi kama Mkataba wa Lisbon, uliotiwa saini Desemba 2007, na safari hii wananchi wa nchi hizo mbili hawakuulizwa. Ireland ndiyo pekee iliyopiga kura ya maoni. Ikakataa Juni 2008, ikapewa ahadi kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi, ulinzi wa uhai na kubaki na kamishna wake, ikakubali Oktoba 2009. Kisheria kila hatua ilikuwa halali, na Ireland walipata walichodai. Lakini machoni pa mpiga kura, hapana ilikuwa jibu la muda. Kosa hili mimi nalihesabu kubwa kuliko mengine yote, kwa sababu liliwapa wapinzani hoja ambayo haihitaji takwimu.

La pili ni sarafu. Sheria ilisema nakisi isizidi asilimia 3 ya pato na deni lisizidi 60. Novemba 2003 Ujerumani na Ufaransa zenyewe zilivuka 3, na mawaziri wakasimamisha hatua dhidi yao. Ugiriki ilipokwama 2010 haikupata huruma hiyo. Elewa ufundi wake: nchi yenye sarafu yake ikiingia madeni hushusha thamani ya sarafu, bidhaa zake zikawa rahisi nje, na maumivu yakagawanyika polepole. Ndani ya euro hakuna hilo, wala riba huipangi wewe. Kinachobaki ni kukata mishahara na pensheni moja kwa moja. Julai 2015 Wagiriki walikuwa wanaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku kwenye mashine za benki. Tarehe 5 wakakataa masharti kwa asilimia 61. Tarehe 13 serikali yao ikakubali mkopo wa hadi euro bilioni 86 wenye masharti mazito. Mgiriki akauliza alimpigia nani kura ya kuamua pensheni ya mamake. Mjerumani naye akauliza nani alimruhusu mtu kuweka dhamana kwa kodi yake. Jibu la swali lako kuhusu Ujerumani liko hapo: AfD ilianzishwa 2013 na kundi lililokuwa na maprofesa wa uchumi waliopinga mikopo hiyo. Ila tazama, mwaka huo ilipata asilimia 4.7, chini ya 5 zinazotakiwa kuingia bungeni. Hoja ya pesa peke yake haikutosha.

Iliyotosha ni ya tatu, watu kuvuka mipaka. Tarehe 22 Septemba 2015 mawaziri wa mambo ya ndani walipiga kura kugawana waomba hifadhi 120,000. Hungaria, Slovakia, Romania na Jamhuri ya Cheki zilipinga zikashindwa, kwa hesabu ile ile aliyoieleza Wakili. Hungaria na Slovakia zikaenda Luxembourg na kushindwa tena 2017. AfD, iliyokwisha kugeuka chama cha kupinga uhamiaji, ilipata asilimia 12.6 mwaka huo huo wa 2017.

Uingereza ina njia yake. Mwaka 2004 nchi 8 za Ulaya ya mashariki na kati zilipoingia, wanachama wa zamani waliruhusiwa kuzuia wafanyakazi wao hadi miaka 7. Ujerumani ilizuia miaka yote. Uingereza, Ireland na Uswidi hazikuzuia. Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikuwa umekadiria nyongeza ya watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka, ukidhani wengine nao wangefungua milango. Hawakufungua, na waliokuja walikuwa wengi mno kuliko makadirio.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa mijadala hulisahau: Bunge la Ulaya lenyewe ndilo lililokilea chama cha UKIP, kilichodai Uingereza itoke. Bunge la London huchaguliwa kwa majimbo, anayeongoza anachukua. Kiti cha Ulaya, tangu 1999, kiligawanywa kwa uwiano wa kura. Mwaka 2014 UKIP iliongoza Uingereza kwa asilimia 26.6 na kupata viti 24 kati ya 73, pamoja na mishahara, ofisi na jukwaa. Mwaka 2015, kwa asilimia 12.6, ilipata kiti 1 kati ya 650 bungeni London. Waziri mkuu David Cameron alikwisha kuahidi kura ya maoni tangu Januari 2013 ili kuzuia watu wake wasihamie huko. Tarehe 23 Juni 2016 asilimia 51.9 wakachagua kutoka.

Baada ya kuona miaka ya vurugu ya London, vyama vingi barani viliacha kudai kutoka. Marine Le Pen wa Ufaransa hatangazi tena kuacha euro. Sasa wanataka kubaki ndani na kurudisha mamlaka kutoka humo humo, na Hungaria imeonyesha turufu iliyobaki inavyotumika. Usiwaite wote "wanaotaka kuvunja Umoja". Wengine wanataka kuushika usukani.

Wakili_wa_Mvita

Dada, kabla hujakwenda, vitu viwili vya kukulinda. Usichanganye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg na Umoja wa Ulaya. Strasbourg ni ya Baraza la Ulaya, chombo kingine chenye nchi 46, na Uingereza bado imo. Kosa hilo huangusha wasemaji wazuri.

Pili, usidai kwamba mkataba wetu hauna meno. Kifungu cha 8(4) cha Mkataba wa Jumuiya kinasema waziwazi kwamba vyombo na sheria za Jumuiya vina kipaumbele juu ya vya nchi katika utekelezaji wa Mkataba. Kwa maandishi tumeuzidi Mkataba wa Roma wa 1957. Kinachokosekana ni kuvumilia matokeo. Novemba 2006 mahakama ya Jumuiya yetu iliyoko Arusha, katika kesi iliyofunguliwa na Profesa Anyang' Nyong'o na wenzake, ilizuia wabunge wa Kenya wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki kwa sababu ya jinsi walivyopatikana. Desemba hiyo hiyo, ndani ya wiki chache, wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba: wakaigawa mahakama ngazi mbili na kuongeza sababu za kumwondoa jaji. Machi 2007 majaji hawakurudi nyuma. Wakaamua kwamba Kenya ilikiuka Mkataba, na kwamba kila nchi mwanachama inatarajiwa kuachia kiasi fulani cha mamlaka yake. Ukiwa upande wa kupinga, hapo ndipo pako. Usiseme "tusifuate Ulaya kwa sababu Ulaya imeshindwa". Sema wao walijenga mahakama kwanza, turufu zikaondoka miaka 20 baadaye. Sisi turufu tunazo zote, kila uamuzi wa wakuu ni wa maafikiano, na mahakama tukaiwekea hofu miaka mitano tu baada ya kuanza kazi.

BintiMakadara

Allah awalipe nyote. Swali la mwisho: wakiniuliza juu ya kutoka, je, sisi tunaweza kutoka kirahisi kama Uingereza?

Wakili_wa_Mvita

Uingereza haikutoka kirahisi. Kifungu cha 50 cha Mkataba wa Umoja wa Ulaya kinatoa miaka 2. Walitoa taarifa tarehe 29 Machi 2017, wakaongezewa muda mara tatu, wakatoka tarehe 31 Januari 2020. Kwetu ni kifungu cha 145: azimio la bunge la taifa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria, kisha taarifa ya maandishi ya miezi 12 kwa Katibu Mkuu. Bunge la Kenya lina wabunge 349 wa kupiga kura, kwa hiyo unahitaji 233. Kwa kipimo hicho, asilimia 51.9 ya Waingereza isingetosha kwetu.

BintiMakadara

Basi nitafungua na mchele, nifuatishe bili ya lire 1,925, nimalizie na Arusha. Shehena, kama una tangazo la mwaka huu la ruhusa za ushuru nitumie, nataka kuhakiki kile kiwango cha 35 kabla sijasimama mbele ya watu.